Kutoka Kisogoni Hadi Kipajini: Nimeona Nywele Zikipandikizwa

Nywele zinapandikizwa, jamani, na zinaota! Nywele za mtu mwenyewe, zilizo hai, zinatolewa kisogoni na kupandwa kwenye upara moja moja, na mwenye kichwa anarudi kwa kinyozi. Nimeshuhudia. Nimesimama kutwa nzima ndani ya chumba cha upasuaji, gauni la kijani mwilini na barakoa usoni, na tangu siku hiyo namsimulia kila ninayekutana naye kuanzia Msamvu mpaka Bigwa.

Vijiweni kwetu Morogoro habari hizi zinasemwa kila namna. Huyu anadai ni wigi linalogandishwa kwa gundi, yule ni mafuta ya kupaka kutoka Uturuki, mwingine anaapa kwamba ni nywele za watu wengine zinazoshonewa kwenye ngozi. Yote hayo yafutwe. Ukweli wenyewe ni mzuri kuliko uzushi wote huo ukiuweka pamoja.

Kichwa nilichokiona ni cha mjomba wangu. Anauza karoti na viazi vya Mgeta pale Soko Kuu la Chifu Kingalu, kazi ya kuonana na watu tangu alfajiri, na upara ulimwanza angali kijana. Ukala pembe za kipaji, ukafungua utosi, hizo sehemu mbili zikakutana, zikabaki nywele za pembeni na za kisogoni tu. Mvua na jua yuko na kofia. Alipoamua, aliamua kimya kimya. Akanipigia simu jioni: "Mpwa wangu, kesho kutwa unisindikize Dar." Tukapanda treni ya umeme, hii iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na hazikutimia saa mbili tukawa mjini. Daktari alisita kidogo kuniruhusu niingie. Mjomba akamwambia, "Daktari, huyu ni mtoto wa dada yangu. Mwache aone, na yeye yatamfika."

Na huenda kweli yatanifika! Sisi Waluguru ukoo tunauchukua kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya wapwa zake. Sasa sikiliza sayansi: kinasaba kinachojulikana kuwa na nguvu kubwa kuliko vyote katika upara wa wanaume, kile cha kipokezi cha homoni za kiume, kiko kwenye kromosomu ya X, na mwanamume X yake moja huipata kwa mama. Vinasaba vya upande wa baba navyo vinachangia, tena vingi, kwa hiyo usimwangalie mjomba peke yake ukadhani umeshasoma hatima yako. Lakini mimi niliyelelewa kwenye mila ile, nimesimama nyuma ya kichwa kile chini ya taa kali, nilisisimka mwili mzima.

Upara wa wanaume una mkono wa homoni iitwayo DHT, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. Nywele za mbele na za utosini kwa wenye urithi huo haziistahimili. Unywele mmoja huota kwa miaka miwili hadi sita, ukapumzika miezi mitatu hivi, ukaanguka, ukaanza upya; na kila unapoanza upya chini ya homoni hiyo unarudi mfupi na mwembamba zaidi, mpaka yanabaki malaika matupu yasiyoonekana. Nywele za kisogoni na za juu ya masikio hazisumbuliwi na homoni hiyo. Ndiyo sababu mzee anaweza kuwa na kichwa kinachong'aa huku amebaki na mshipi wa nywele nzito kutoka sikio hadi sikio.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Ukiutoa unywele kisogoni na kuupanda kipajini, hauwi wa kipajini! Unaendelea na tabia ya ulikotoka. Mjapani Shoji Okuda alieleza mwaka 1939 jinsi alivyopanda vipande vidogo vya ngozi yenye nywele penye makovu, vikashika na kuota, lakini Vita Kuu ya Pili ikaifunika kazi yake na madaktari wa Magharibi hawakuijua. Mwaka 1952 Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, alifanya hivyo kwenye upara wa kawaida, na mwaka 1959 akachapisha matokeo yake: kinachotawala ni mahali unywele ulipotoka. Kila kinachofanyika leo kwenye kliniki za nywele, iwe Nairobi, Dar au Istanbul, kimesimama juu ya ugunduzi huo.

Shida ya zama zile ilikuwa ukubwa wa kipande. Orentreich na waliomfuata walitoboa vipande vya upana wa milimita 4 hivi, kila kimoja na nywele nyingi, na zilipoota zilisimama mafungu mafungu, mtu anajulikana toka mbali. Ilibidi isubiriwe miaka ya mwisho ya 1980, daktari Bobby Limmer wa Texas alipoanza kutumia hadubini kuzitenganisha nywele kwa jinsi zinavyoota zenyewe. Maana nywele hazitoki kichwani moja moja tu. Zinatoka kwa vishina, kishina kimoja kina unywele mmoja, miwili, mitatu, mara nyingine minne, vyote vimefungwa pamoja na tezi yao ya mafuta na msuli wao mdogo. Kishina hicho ndicho kipandikizi. Limmer alikuwa anakata ukanda mzima wa ngozi ya kisogoni kisha anauchambua, njia ambayo bado inatumika na ina faida zake, ila inaacha kovu la mstari. Mwaka 2002 William Rassman na wenzake wakaeleza njia ya kuvitoa vishina kimoja kimoja moja kwa moja kichwani bila kukata ukanda. Mjomba, ambaye hupenda kisogo kinyolewe chini kabisa, alichagua hii ya pili.

Aliyewahi kupandikiza mpunga Mkindo au Dakawa ataielewa kazi hii haraka kuliko msomi yeyote. Kuna kitalu na kuna jaruba. Kwenye kilimo shadidi mche unatolewa ungali mchanga, wa siku 8 hadi 12, taratibu, mizizi isikatike, usiachwe juani ukakauka, na unapandwa mmoja mmoja kwa nafasi. Kisogo cha mjomba ni kitalu, utosi ni jaruba, na muuguzi mwenye kibano ni wale kina mama wanaoinama mstari kwa mstari mpaka jioni. Tofauti ni moja, na ni kubwa: kitalu hiki hakisiwi tena. Kishina kikishatolewa, pale kilipotoka hapaoti kingine. Kichwa kina akiba yake, na ukiimaliza imekwisha.

Sasa niwapeleke kwenye kitanda chenyewe!

Walianza kwa kunyoa kisogo, kisha daktari akachora kwa kalamu mstari wa kipaji, na kwenye mstari huo wakajadiliana muda mrefu. Mjomba alitaka ushuke chini, kama alipokuwa kijana. Daktari akamwambia kwa upole, "Baba, utafika miaka 70 na mstari wa kijana wa miaka 18? Tena upara wako haujamaliza safari. Tukizimaliza nywele mbele leo, kesho utosi utaulisha nini?" Mjomba akakubali. Nimeambiwa hapo ndipo wengi wanapoharibiwa, kabla hata ya kisu: mteja anataka mstari wa chini, anayetafuta pesa anamchorea.

Ikafuata ganzi. Sindano kadhaa kuzunguka kichwa, dawa ya lignokaini iliyochanganywa na adrenalini ili mishipa ijibane na damu isitoke nyingi. Mjomba aliuma meno hapo, na hapo tu. Baadaye alikuwa macho saa zote, anaulizia bei ya karoti, anataka kujua kama kijana wake amefungua duka.

Kifaa cha kutolea ni bomba dogo la chuma lenye ukingo mkali wa duara, upana wake chini kidogo ya milimita moja, linazungushwa na mota. Daktari analiweka juu ya kishina, anagusa, linazama milimita chache, linatoka. Sekunde moja! Kisha kibano kinashika juu ya kishina, kinavuta pole pole, na kishina kinachomoka. Nilipoonyeshwa cha kwanza chini ya lenzi ya kukuzia nilipiga kelele, muuguzi akanigeukia. Ni kitu cha urefu wa milimita 4 au 5, kimefunikwa na mafuta meupe yanayong'aa. Juu kuna kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mchanga, chini kuna balbu ambamo uhai wote wa unywele umekaa. Katikati, nywele mbili nyeusi zinashuka pamoja, na hazishuki wima! Zimepinda chini ya ngozi, upinde kamili wa mwezi mchanga.

Upinde ule ndio uliokuwa mwalimu wangu siku ile. Kipilipili chetu hakianzi kujikunja kinapotoka nje. Kinaanzia kwenye mzizi, ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Daktari aliyezoea nywele za singa anaingiza bomba wima kwa kuufuata mwelekeo wa unywele anaouona nje, na huko chini anaikata mizizi bila kujua. Kishina kinatoka hakina balbu, kimekufa, na akiba ya kitalu imepungua bure. Kwa hiyo daktari wetu alianza na vishina vichache vya majaribio, akavitazama, akabadili pembe ya mkono, akapunguza kina cha bomba, akajaribu tena, mpaka vilipoanza kutoka vizima kimoja baada ya kingine. Nilimwona anatabasamu nyuma ya barakoa. Ufundi ule niliuthamini kuliko mashine zote zilizokuwa mle.

Nywele zetu kisogoni hazijasongamana kama za Wazungu, zinakadiriwa kuwa vishina 60 hivi kwa sentimita moja ya mraba, na wao wanakaribia 100. Ungedhani tumepunjwa. Lakini unywele uliojikunja unafunika ngozi kubwa kuliko uliolala, na rangi ya nywele na ya ngozi zinakaribiana, hivyo vipandikizi vichache vinaonekana vingi. Upinde ule ule unaomsumbua daktari wakati wa kutoa unamlipa mwenye kichwa wakati wa kuota!

Vilivyotolewa vilipangwa kwenye visahani vyenye maji ya chumvi yaliyopoozwa kwa barafu, kumi kumi, vya unywele mmoja huku, vya miwili kule, vya mitatu pembeni. Muda wa kukaa nje ya mwili unahesabiwa. Limmer aliwahi kupima: vipandikizi vilivyohifadhiwa kwenye baridi kwa saa 2 viliota karibu 95 kwa 100, vilivyokaa saa 24 vikashuka hadi karibu 79. Ndiyo maana mle ndani hakuna anayezurura. Mtu mmoja anahesabu, mwingine analowesha, mwingine anasafisha.

Mchana mjomba alipewa chakula. Alipomaliza akalazwa chali, na daktari akaanza kufungua matundu kwenye upara kwa ncha nyembamba za sindano. Sikutegemea kwamba sehemu hii ingenivutia kuliko zote. Kila tundu ndilo litakaloamua unywele utaelekea wapi maisha yake yote: mbele kabisa matundu yanalala yakielekea usoni, pembeni yanageuka kuelekea sikioni, utosini yanazunguka kufuata pia ya asili. Mstari wa mbele haunyooki. Daktari anaupindisha makusudi, anaacha mapengo madogo, kwa sababu hakuna binadamu aliyezaliwa na kipaji kilichopigwa rula. Safu za mwanzo zinapewa vishina vya unywele mmoja mmoja, laini. Vya miwili na mitatu vinakaa nyuma yake kuongeza unene. Vipandikizi elfu mbili na ushei viliingia kimoja kimoja, kibano kikishika mafuta ya pembeni na kamwe hakigusi balbu. Nje taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka walipomaliza.

Siku za kwanza ni za kujitunza: kulala kichwa kikiwa juu, kunyunyiza maji ya chumvi, kutokuna, kutobeba gunia. Ngozi mpya inaota vigaga vinavyobanduka baada ya siku 7 hadi 10. Kisha linakuja jambo ambalo lisipoelezwa mapema linawavunja watu moyo: nywele zilizopandwa zinaanguka! Kati ya wiki ya pili na ya sita karibu zote zinapukutika, mizizi inabaki chini imelala, na inaanza kuamka mwezi wa tatu au wa nne. Matokeo kamili huhesabiwa baada ya mwaka. Ninapoandika haya, za mjomba zilishaanguka kama alivyoambiwa, na sasa vinywele vyembamba vinachomoza mbele kabisa. Ukipitisha kiganja vinachoma! Asubuhi moja sokoni nimemkuta hana kofia.

Kwa hiyo hukumu yangu ya mwanzo ni kwamba kazi hii ni ya ajabu na inastahili sifa zote. Pamoja na hayo, nisimdanganye mtu. Ni upasuaji wa urembo, bima za afya kwa kawaida haziulipii, na kwa wengi wetu gharama yake ni ya kuuza kiwanja. Hauzuii nywele nyingine zilizobaki kuendelea kupotea, ndiyo maana madaktari wengi huambatanisha dawa: minoksidili ya kupaka, au finasteridi ya kumeza kwa wanaume, ambayo mama mjamzito hapaswi hata kushika vidonge vyake vilivyovunjika. Mwenye ngozi inayoota makovu ya keloidi ajieleze mapema, afanyiwe majaribio ya vipandikizi vichache kwanza. Na mwenye vile vipele sugu vya kisogoni vinavyokuja baada ya kunyolewa, avitibu kabla ya yote, kwa sababu vipo kwenye kitalu chenyewe.

Nimeandika sana habari za wanaume, na hilo linaniuma kidogo, kwa sababu vichwa vingi ninavyoviona vikiumia hapa Morogoro ni vya dada zetu. Rasta zilizobanwa mpaka macho yanavutika, wivingi juu ya nywele zilizotoka kwenye dawa ya kunyoosha, mtoto wa miaka sita anasukwa huku analia. Nywele za pembeni zinaanza kukimbia. Zikiwahiwa, msuko ukalegezwa, zinarudi zenyewe bila kisu. Zikicheleweshwa, mizizi inakufa na kuacha kovu, na hapo ndipo upandikizaji unapoweza kusaidia, mradi kuvuta kumekoma kabisa. Upo pia upara mwingine wa wanawake weusi unaoanzia utosini na kusambaa kwa duara, wenye kuwasha na kuuma. Huo ni ugonjwa unaounguza mizizi, na mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa unahusiana na mabadiliko katika kinasaba cha PADI3. Kuupandikizia ungali unawaka ni kupoteza vishina. Utulizwe kwanza na daktari wa ngozi, tena utulie kwa muda mrefu. Madaktari hao tunao: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kinawafundisha wa kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990.

Wanaokata tiketi ya Istanbul nawaombea heri, wako wengi waliorudi na vichwa vizuri. Lakini chama cha kimataifa cha wapasuaji wa nywele kimekuwa kikionya juu ya sehemu ambazo daktari anaonekana kwenye picha tu, na kazi yote ya kisu inafanywa na watu wasio na leseni. Ukienda, iwe huko au hapa nyumbani, kabla hujauliza bei uliza atakayeshika bomba ni nani, kisha akuonyeshe vichwa vya kipilipili alivyovifanya mwenyewe, kabla na baada ya mwaka mzima. Akishindwa kukuonyesha, chukua kofia yako uondoke.